Walimu Waende Mtoni

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule. Inachapishwa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria.)



Katibu wetu ameniomba nizungumze juu ya maji, kwa sababu katika shughuli za leo liko suala la kuchimba kisima kirefu cha shule, na kwa sababu mimi nimefundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka 35 kabla ya kustaafu. Mtu akisikia hivyo atadhani kwamba nayajua maji. Naomba nikiri mapema kwamba kwa miaka 20 ya kwanza ya kazi yangu sikuyajua. Nilijua kuyachora. Nilichora bahari upande wa kulia wa ubao, mlima upande wa kushoto, jua juu, mishale ikipanda na mishale ikishuka, na chini yake nikaandika "Mzunguko wa Maji". Wanafunzi wangu walinakili mchoro ule vizuri sana, wakafaulu, wakaenda zao. Wakati huohuo kijito kilichopita nyuma ya darasa kilikuwa kinakauka, na hakuna hata mmoja wetu, mimi wala wao, aliyetoka nje kwenda kukitazama.

Lakini kabla sijafika huko inanipasa niseme habari ya chemchemi yetu ya hapa bondeni. Vijana hamuijui. Ninyi mnalijua lile shamba la milingoti chini ya mabweni, mnakokwenda kujisomea wakati wa mitihani. Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1979 tulipakuta pakiwa na chemchemi. Ilitoka kati ya mizizi ya mivengi, maji yake baridi kama barafu, na mwezi wa kumi, mabomba ya shule yalipogoma kama kawaida yao, shule nzima ilishuka pale na ndoo.

Mwaka 1981 sisi wa Kidato cha Tatu tulipewa kazi ya EK pale bondeni. Vijana wa leo huenda hawajui uzito wa neno hilo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na hapa Iringa mambo hayo yalishikwa kwa nguvu zaidi, maana azimio la Siasa ni Kilimo lilitolewa mjini hapa hapa, mwaka 1972. Kila mahali ilikuwa jembe. Tena ndiyo miaka ile ya kampeni ya Misitu ni Mali, na kila shule ilitakiwa kuonyesha miti iliyopanda. Tukaambiwa tusafishe bonde. Tuliikata mivengi kwa kuwa ilionekana ni kichaka tu cha nyoka, tukapanda milingoti kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi. Tulipewa sifa kwenye mstari wa asubuhi, na kundi langu likapata mchele siku ya Jumapili. Wengine mko humu ndani mliokula mchele huo, msijifiche.

Miti ilikua upesi ajabu. Chemchemi nayo ilipungua upesi. Tulipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1982 ilikuwa bado inatoa maji. Nilipopita hapa mwaka 1990 kulikuwa na tope. Leo hakuna hata tope.

Simlaumu aliyetutuma. Alifanya alichofundishwa, na wakati ule mti ulikuwa mti tu. Nasema hili ili mjue kwamba mzungumzaji wenu ni mmoja wa watuhumiwa.

Sasa nije kwenye mafunzo. Mwaka 2008, nikiwa mwalimu katika shule nyingine ya mkoa huu, niliitwa kwenye mafunzo ya siku 5 ya walimu wa shule za msingi na sekondari juu ya hifadhi ya vyanzo vya maji. Mnajua semina zetu zilivyo. Mtu anafungasha daftari jipya na kalamu, anauliza posho ni kiasi gani, anaingia ukumbini, anasikiliza ufunguzi wa mgeni rasmi, anakunywa chai na kitumbua, na ikifika saa 9 anasinzia kwa heshima. Nami nilikwenda na viatu vyangu vya ukumbini, vyeusi, vimepigwa rangi.

Tulikusanywa saa 1 asubuhi kando ya barabara. Hapakuwa na ukumbi. Mkufunzi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alitwambia tuvue viatu au tuvichafue, tuchague wenyewe. Tukapanda kilima kufuata kijito kimoja kinachomwaga maji yake Ruaha Mdogo, kuanzia mahali kinapoingia mtoni hadi mahali kinapozaliwa. Tulitembea siku nzima. Tulikuwa walimu 24, na wote tulikuwa tumelifundisha neno "chanzo cha mto", lakini watatu tu ndio waliowahi kukiona kwa macho chanzo cha mto wowote.

Neno nililolipenda pale ni "kidakio". Linatokana na kudaka. Eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake hushukia kijito kimoja, hilo ndilo kidakio cha kijito hicho, iwe msitu, shamba, kanisa, kilabu cha ulanzi au uwanja wa mpira. Mkufunzi alituuliza, "Walimu, golikipa akiwa amefungwa mikono, mpira utakwenda wapi?" Ndipo akatuonyesha mikono iliyofungwa na mikono iliyo wazi. Tulichukua makopo matupu, tukatoa vitako, tukayashindilia kidogo ardhini mahali mbalimbali, tukamimina kila moja kikombe kimoja cha maji na kuhesabu kwa saa. Chini ya miti ya asili, penye majani yaliyooza, maji yalinywewa kabla hatujaanza kuhesabu vizuri. Katika njia ya ng'ombe yalikaa juu, yakatuangalia. Chini ya milingoti yalikawia juu ya magamba na majani makavu, yakatafuta njia ya pembeni. Nilisimama pale na kopo langu mkononi nikakumbuka gwaride letu la mwaka 1981.

Nataka niwe mwadilifu kwa mti huu. Mlingoti si shetani. Nguzo za umeme zimetokana nao, mbao na kuni pia, na watu wengi wa Mufindi na Njombe wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa miti. Ukiupanda mlimani, mbali na maji, ni mali. Lakini una mizizi inayokwenda chini sana na majani yasiyopukutika kiangazi, kwa hiyo hunywa mwaka mzima bila likizo. Ukiupanda juu ya chemchemi umemweka mlevi alinde pombe.

Siku ya pili tulijifunza kupima. Hili ndilo lililonigeuza, na naomba vijana wa mchepuo wa sayansi wasikilize. Ukitaka kujua chemchemi inatoa maji kiasi gani huhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Unahitaji ndoo ya lita 20, kipande cha gome la mgomba cha kuelekezea maji, na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi yako inatoa nusu lita kila sekunde. Zidisha kwa sekunde zote za siku moja, unapata lita 43,200. Ukimgawia kila mwanafunzi lita 40 kwa siku, chemchemi hiyo ndogo inatosha shule ya wanafunzi zaidi ya 1,000. Nilipoifanya hesabu hiyo nilikaa chini. Mkondo mwembamba kama kidole gumba, ambao sisi tungeuita "maji ya kunawa miguu"!

Kwa kijito kikubwa zaidi tulitumia chungwa. Unapima mita 10 kando ya maji, unaliachia chungwa juu, unahesabu sekunde mpaka lifike chini, kisha unapima upana na kina. Tulipoteza machungwa mawili kwa watoto waliokuwa wakioga mbele yetu, wakadhani ni sadaka. Tuligeuza pia mawe ya mtoni kutazama wadudu waishio chini yake, maana wako wadudu wasiostahimili uchafu, na wasipoonekana ujue maji yameharibika hata kama yanang'aa. Na tulichota maji katika chupa nyeupe baada ya mvua tukayaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi kila chupa ilikuwa na udongo chini, mwingine vidole viwili. Mkufunzi akasema hilo ni shamba la mtu linasafiri kwenda Mtera. Wageni wanapokuja Iringa huwa tunawapeleka Isimila wapige picha zile nguzo ndefu za udongo, nasi tunajivuna. Nguzo zile zilichongwa na maji yaliyokula ardhi iliyokuwa pembeni mwake.

Siku ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote. Tulifika kwenye vinyungu. Wageni wasiotoka nyanda hizi nawaeleza kwamba kinyungu ni bustani ya bondeni, penye unyevu, ambayo watu wa huku hulima kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Hapo hupatikana mahindi mabichi, maharage na mboga. Tulimkuta mama mmoja mtu mzima analima karibu kabisa na kijito. Baadhi yetu tulikuwa tayari tumeisoma Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mwalimu mmoja akaanza kumhutubia, sauti ya darasani kabisa. Mama yule alisimama, akaegemea jembe lake, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kamwene, mwalimu. Nimesikia. Sasa niambie ada ya mjukuu wangu, ambayo wewe mwenyewe unaidai, niitoe wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mkufunzi alitupa kamba ya kupimia akatwambia tumwombe mama ruhusa, tupime, tuchore ramani ya kinyungu chake, tuone maji anayotumia ni kiasi gani na yanarudi wapi. Tulishinda naye mpaka saa 8. Ilionekana kwamba mfereji wake wa juu ulikuwa ukipoteza maji mengi usiku kucha, ukimwagia njia tu, na kwamba tuta moja la majani ya tembo lingezuia udongo wake usiingie kijitoni. Mita 60 hazikupatikana siku ile. Lakini mfereji ulizibwa, na aliyeuziba ni mama mwenyewe, akitwambia sisi tunakanyaga maharage.

Nawaambia hili kwa sababu ndilo lililotokea kwa ukubwa huko Usangu. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 kwa mara ya kwanza ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki katika madimbwi. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wengine walisema ni wafugaji, wengine ni wakataji miti, wengine ni wakulima wa mpunga, wengine ni Mungu kupunguza mvua. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye alitangaza huko London kwamba ifikapo 2010 mto huo utatiririka tena mwaka mzima. Watafiti waliopima maji katika miaka hiyo waligundua kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya mifereji ya umwagiliaji iliyoachwa wazi kiangazi, hata pale ambapo mashambani hapakuwa na mpunga, na maji yakapotea kabla ya kufika Ihefu. Lakini mwaka 2006 walioondolewa bondeni kwa wingi walikuwa wafugaji na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mto uliendelea kukauka, hata kiangazi cha mwaka 2022. Msinielewe kwamba ng'ombe hawana hatia. Nasema kwamba mtu aliyekwenda na ndoo na saa aliona jambo ambalo aliyekwenda na hasira hakuliona.

Na si habari ya viboko tu. Maji hayo ndiyo yanayoingia Mtera na kushuka Kidatu, ambako tangu miaka ya 1970 taifa limekuwa likipata umeme. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 mnaukumbuka, wenye mashine za kusaga mnaukumbuka zaidi. Kijito chetu hiki cha hapa chini nacho ni ndugu wa ukoo huo, kinaingia Ruaha Mdogo, na Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu kabla ya Mtera.

Huko Usangu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Uingereza, Bruce Lankford, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliwachezesha wakulima mchezo. Ni ubao mkubwa ulioinamishwa, una mto katikati na mashamba pembeni, na maji yake ni gololi. Wachezaji huweka vijiti kuzuia gololi ziingie mashambani mwao. Wa juu wanajaza, wa chini wanabaki kutazama. Sisi hatukuwa na ubao ule, lakini siku ya nne tulichimba wetu katika udongo wa mfinyanzi, tukatumia maharage makavu badala ya gololi. Mimi nilipangiwa chini kabisa. Nilipata maharage 2. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa juu alipata 31, akakataa kabisa kubadilishana nafasi mpaka tukamtoa kwa nguvu. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alikuwa ameona kijiji chake pale.

Siku ya tano tulifundishana. Kila mwalimu alichukua somo lake mwenyewe, Hesabu, Kiswahili, Uraia, akalifundisha kando ya kijito. Hapakuwa na cheti cha kutundika ukutani wala bahasha nene. Viatu vyangu sikuwahi kuvivaa tena.

Tangu mwaka ule mpaka nilipostaafu sikuwahi kufundisha maji ndani ya darasa. Yalikuwepo matatizo, sifichi. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanachafua sare. Mkaguzi mmoja alinikuta mtoni akaandika kwamba mwalimu hayupo darasani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Walimu wenzangu niliojaribu kuwaambukiza walivutiwa kwa wiki moja, kisha mitihani ikakaribia, kila mtu akarudi kwenye chaki. Mwalimu mmoja peke yake katika shule huchoka. Wakiwa watatu wanne, hushikamana.

Sasa nifike kwenye suala la leo, na Mwenyekiti ananionyesha saa.

Kiangazi kilichopita niliomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule, nikashuka bondeni na vijana 14 wa Kidato cha Pili. Tulipanda mpaka juu ya kidakio. Nusu ya kidakio hicho haiko ndani ya mipaka ya shule, iko katika vijiji, na watoto wa huko wanasoma katika shule mbili za msingi. Tulichimba shimo pale ilipokuwa chemchemi. Kwa kina cha mita moja na nusu udongo ulikuwa na unyevu, na asubuhi yake tulikuta maji kiasi cha sufuria moja. Kijana mmoja alinijia mbio, "Babu, yapo!" Sikuweza kumjibu mara moja.

Sipingi kisima kirefu. Wanafunzi wana kiu leo, na ninyi mmechanga kwa moyo. Lakini pampu hutaka umeme na fundi, na maji ya chini nayo hutoka katika kidakio hikihiki. Kwa hiyo naleta maombi mawili.

La kwanza, katika fedha zilizochangwa tutenge sehemu ndogo ya kuwapa mafunzo kama yale niliyoyapata walimu 12, sita wa hapa na sita wa shule zile mbili za msingi. Siku 5, mtoni, bila ukumbi. Najua wako wanaosema fedha ya kisima isiguswe. Wajibiwe kwa hesabu, nami nimemkabidhi Mhazini karatasi yenye makadirio.

La pili ni gumu zaidi kwetu wazee. Naomba ile milingoti ya mwaka 1981 ikatwe. Wenzangu wawili wamenijia jana usiku, mmoja akasema miti ile ni ukumbusho wetu, na mwingine akasema iuzwe nguzo. Wote nimewasikia. Iuzwe, fedha ilipie mafunzo. Lakini isikatwe siku moja, maana bonde ni la mteremko, na tukiliacha wazi mvua italibeba. Tuanze na mistari minne iliyo karibu na shimo, baada ya kupata kibali cha maofisa misitu na cha ofisi ya Bonde la Rufiji, ambayo kwa bahati iko hapo mjini Iringa. Visiki vitachipua, kwa hiyo lazima wawepo vijana wa kuvipogoa kila mwezi. Mivengi tupande mvua zikianza, mwezi Desemba. Miche 200 ninayo nyumbani, nimeiotesha katika mifuko ya maziwa, mke wangu ameikinai.

Siwezi kuahidi kwamba chemchemi itarudi. Inaweza kuchukua miaka 10, na mimi sitakuwepo kuipima.

Kibali kikitoka, kazi itaanza Jumamosi ya kwanza itakayofuata, saa 1 asubuhi, chini ya mabweni. Waliokula mchele wa mwaka 1981 waje na mapanga yao.